Njia ya Mwenye Mtungi

Bi Deoksim alianza kuzamia bahari ya kisiwa cha Jeju tangu hajavunja ungo, na hakuna siku hata moja aliyoiita starehe. Ilikuwa kazi, na kazi yenyewe ya kutoa roho. Ndiyo maana binti yake wa pekee, Yeonju, aliyekuwa karani wa kampuni ya bima huko Seoul, alipompigia simu kumwambia kwamba amejifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa, mama aliuliza:

"Na unaleta nini juu?"

"Sileti kitu, Mama. Tunatazama tu."

"Mnatazama."

"Samaki, matumbawe, kasa. Kugusa ni marufuku."

"Na wanakulipa kiasi gani kwa kutazama?"

"Nalipa mimi."

Bi Deoksim alicheka mpaka akapaliwa. Kesho yake habari ilifika kwenye kizimba cha mawe ufukweni, pale wanawake wazamiaji wanapoota moto na kubadili nguo, ikatiwa chumvi na kupokezanwa. Kufikia jioni kijiji kizima kilijua kwamba mtoto wa Deoksim, aliyesomeshwa kwa pweza na jongoo bahari, sasa anatoa mshahara wake kwenda kumwangalia pweza.

Yeonju hakukasirika. Alikuwa na miaka arobaini, hana mume, hana mtoto, na kule chini ndiko mahali pekee ambapo hakuna mtu aliyemuuliza kwa nini. Kila likizo alibeba mapezi yake ya miguuni na kupanda ndege: Okinawa, Bohol, Bahari ya Shamu, Palau. Mahali pamoja tu hakuwahi kuzamia, nako ni nyumbani. Kijijini kwao mtungi ulikuwa neno baya. Watu wa mitungi walikuwa wanakuja kwa boti, wanakomba bahari kwa saa nzima bila kupanda juu kuvuta pumzi, wanaondoka na kile ambacho wanawake walikuwa wamekiacha kikue. Kwa hiyo wanawake, wakiongozwa na Shangazi Jeongnyeo, walikata shauri: katika maji yao, hakuna mtungi. Yeonju aliiheshimu amri hiyo, ingawa ilimuuma.

Mara moja tu waliwahi kuwa chini ya maji pamoja. Yeonju alimpeleka mama yake Bohol alipotimiza miaka sabini. Bi Deoksim alikataa mtungi katakata, akavaa mkanda wake wa vipande vya risasi vya kumzamisha, aliokuja nao kutoka nyumbani, akajitosa. Yeonju alikuwa chini kwenye matumbawe na kundi la watalii alipohisi mtu anamvuta pezi. Kugeuka, ni mama yake, hana hewa ila ile ya kifuani, anamnyooshea kidole kombe hai, kubwa kama beseni la kufulia. Yeonju akatikisa kichwa: hapana. Mama akakunja uso ndani ya miwani, kisha akatoa kiunoni gamba lake la jeonbok, akaliweka juu ya jiwe kando ya lile kombe, upande unaong'aa ukitazama juu, akapanda zake.

Jeonbok ni yule konokono wa baharini anayeganda kwenye mwamba, mtamu na ghali kuliko vyote wanavyovuna. Mwanamke akimwona na pumzi imekwisha, hathubutu kumng'oa. Anaweka gamba pale, upande wa lulu juu, ili akirudi na pumzi mpya apaone kwa mbali. Kila mmoja hubeba gamba moja. Asiyeweka gamba, akajitutumua kwa pumzi iliyokwisha, huyo ndiye anayerudi maiti, amefungwa kamba. Bi Deoksim aliwafundisha hivyo wasichana wa vizazi viwili, na aliwafundisha kwa kofi.

"Sasa pale umeweka gamba la nini, Mama?" Yeonju alimuuliza ndani ya boti, akimpangusa mgongo. "Si nimekwambia hachukuliwi?"

"Nimeweka ili tukija tena tumwone. Si mnatazama, nyinyi? Na mimi nimetazama." Akavuta kamasi. "Lini tunarudi?"

"Mwakani, Mama."

Hawakurudi. Mwakani ilikuja na kupita, na ya pili pia. Simu ziliendelea, na kila simu ilikwisha kwa neno lilelile la mama, "Lini?", naye Yeonju hakukosa jibu. Mwezi ujao. Baada ya sikukuu. Kazi ikipungua. Hakuwa mwongo, nataka mwelewe hivyo. Kila alipotamka aliamini, na ndiyo hatari ya watu wema.

Mwishoni mwa masika mama alipiga mwenyewe, jambo ambalo hakulizoea.

"Kuna jeonbok nimempata kwenye Mwamba wa Ng'ombe. Mkubwa kama kiatu cha baba yako. Hujaona kitu kama hicho."

"Eeh! Niwekee basi. Nikija unipikie uji."

"Uji," alisema mama, kama mtu aliyetaka kusema jambo jingine. "Haya. Lini?"

"Jumamosi hii. Kweli kabisa, nimeshachukua na ruhusa."

"Na mtungi wako utaubeba?"

"Wa nini, Mama, unataka Shangazi Jeongnyeo anitoe roho?"

Mama akacheka, simu ikakatika.

Jumatano rafiki yake mmoja akampigia: mtu kaugua, kuna nafasi kwenye boti Palau, ndege ni leo usiku. Alikwenda. Alijiambia kwamba jeonbok haendi popote. Ijumaa asubuhi, kabla ya kuingia majini, alimwandikia mama ujumbe wa kuomba radhi, akaweka na ua mwishoni, kisha akazamia mara tatu siku hiyo kwa furaha tele. Alipopanda gatini, nywele zinachuruzika maji, simu ilikuwa inaita.

Bi Deoksim alikuwa ameokotwa chini ya Mwamba wa Ng'ombe.

Na hapa ndipo mchezo wake ulipomgeuka. Aliyezamia kwa mtungi haruhusiwi kupanda ndege mpaka siku nzima ipite, la sivyo hewa iliyomwingia damuni itachemka kama soda na huenda ikamwua. Yeonju alijua sheria hiyo kama jina lake. Alikaa kwenye kitanda cha hoteli na mizigo miguuni, mzima wa afya, akisubiri damu yake itulie, wakati kule nyumbani wanawake wengine walikuwa wanamwosha mama yake na kumvika. Alipofika jeneza lilikuwa limekwisha fungwa.

Walimkabidhi vitu vya marehemu ndani ya beseni: miwani, mkanda wa risasi, chuma cha kubandulia, simu ambayo ule ujumbe wenye ua haukuwahi kufunguliwa. Na kipochi cha wavu. Ndani yake hamkuwa na samaki wala pweza, ila magamba mawili matupu ya jeonbok.

Hakuna aliyesema neno mbele yake. Lakini msiba una midomo mingi, na nyuma ya pazia la jiko alisikia sauti mbili:

"Deoksim jamani! Aliyetupiga makofi sisi!"

"Tamaa ilizidi pumzi. Kumrudiarudia yule jeonbok ndiko kulikommaliza."

"Kwa umri ule. Wa nini?"

Wa uji. Yeonju alilijua jibu. Alikuwa ameagiza uji kama mtu hotelini, kisha akaondoka kabla haujaiva, na mama yake, mwanamke ambaye hakuwahi hata siku moja kuvunja kanuni ya pumzi, aliivunja kwa ajili yake. Alirudi Seoul, hakula, hakuongea. Mapezi aliyatupa jalalani, na usiku huohuo akashuka kwenda kuyaokota.

Mwezi ulipopita, mganga alipokwisha kuiita roho ya marehemu kutoka majini na wanawake wakaruhusiwa kurudi kazini, Yeonju aliingia kwenye kizimba cha mawe akiwa na mtungi mgongoni. Shangazi Jeongnyeo, kiongozi wao, mwanamke mfupi mwenye mabega ya mbeba magunia, alikuwa anasugua miwani yake kwa majani ya pakanga ili isishike ukungu. Hakuinua macho.

"Umepotea njia, mwanangu. Soko la mitungi liko mjini."

"Nataka kushuka Mwamba wa Ng'ombe, Shangazi."

"Na hilo dubwana?"

"Pumzi ya kushuka bila hilo sina. Nataka kumwona huyo jeonbok. Nijue kama Mama alijaribu kumng'oa."

"Ukijua itakusaidia nini?"

"Nitajua kama ni mimi niliyemwua."

Mwanamke mmoja alianza kulia. Shangazi Jeongnyeo aliendelea kusugua kioo kilichokwisha takata. Kila mtu alitazamia matusi, maana mdomo wa kiongozi yule haukuwa na breki.

"Mikono nyuma," alisema mwishowe. "Ukigusa hata mwani, nitakuzamisha mimi mwenyewe."

Wanawake walimsindikiza wakielea na maboya yao ya rangi ya chungwa. Yeonju alishuka peke yake. Maji ya nyumbani yalikuwa baridi na ya kijani, si yale maangavu ya Palau, na alishangaa jinsi alivyokuwa mgeni humo. Mwamba wa Ng'ombe una ufa mwembamba ubavuni, ndipo wanawake wanapojipenyeza. Alijaribu. Mtungi uligonga jiwe, akakwama, akarudi nyuma kwa shida.

Hapo ndipo alipoona kitu kinang'aa.

Lilikuwa gamba, upande wa lulu juu, limekandamizwa kwa kijiwe ili lisichukuliwe na maji. Halikuwa karibu na ufa. Lilikuwa upande wa pili, ambako hakuna mzamiaji wa kijiji anayepita kwa sababu ni mzunguko mrefu, unaokula pumzi bure. Alilifuata. Mbele yake kulikuwa na jingine, na mbele ya hilo jingine. Kila mwanamke hubeba gamba moja, na hapa yalikuwa yamepangwa kama taa za barabarani, yakizunguka mwamba kupitia uwazi mpana. Mawe yaliyozuia yalikuwa yamesukumwa pembeni, alama nyeupe za kukwaruzwa zingali zinaonekana. Pale paliposafishwa, mtu mwenye mtungi mgongoni angeweza kupita bila kugusa kitu.

Yeonju alisahau kupumua, jambo ambalo mzamiaji wa mtungi anakatazwa tangu somo la kwanza.

Magamba yaliishia ghafla mbele ya mwamba wenye mwani mwingi. Toka gamba la mwisho mpaka ndani palibaki nafasi ya magamba mawili hivi, halafu kivuli, na kwenye kivuli alikuwa amekaa jeonbok mwenyewe, mkubwa kweli kama kiatu cha baba, ametulia. Yeonju aliwasha tochi yake na kumtazama pembeni zote. Hakukuwa na mkwaruzo. Chuma hakikumgusa kabisa. Hapakuwa na uji wowote katika mawazo ya mama. Alikuwa amemwacha akue mahali pake, akamjengea binti yake njia ya kuja kumtazama, na moyo wake mzee ulichoka akiwa amebakiza magamba mawili.

Yale mawili Yeonju alikuwa nayo mfukoni. Aliyatoa. Moja lilimponyoka, akalidaka. Aliyaweka kwenye ile nafasi, upande wa lulu juu, akatafuta vijiwe vya kuyakandamiza. Kisha akaweka mikono nyuma na kutazama, mpaka miwani ikajaa machozi na hakuona tena kitu.

Alipoibuka, Shangazi Jeongnyeo alikuwa ameegemea boya lake.

"Alijaribu kumng'oa?"

Yeonju alitikisa kichwa. Alieleza kwa maneno yaliyokatikakatika: magamba, mawe, njia.

Wengine walikuwa wamekusanyika, vichwa vyeusi juu ya maji.

"Kumbe ndiyo maana," alisema mmoja. "Mimi aliniomba gamba langu la zamani. Nikamwambia Deoksim, unajenga nyumba?"

"Na mimi."

"Na mimi pia."

"Mimi alikuwa ananiomba ruhusa," alisema Shangazi Jeongnyeo. "Majira yote ya baridi. Mara moja tu, anasema, mtoto ashuke na mtungi wake, mikono nyuma, hatagusa. Nikamwambia nitafikiri." Alijimwagia maji usoni, ingawa uso ulikuwa umelowa tayari. "Nilikuwa nafikiri."

Wimbi liliwapandisha wote pamoja na kuwashusha.

"Yale magamba yataota mwani," alisema tena, sauti yake ikijitahidi kurudia ukali. "Mwezi mwingine tu, hayaonekani. Nani atakuwa anayasugua? Sisi kule hatupiti."

"Nitakuja mimi, Shangazi."

"Lini?"

Yeonju alifungua mdomo. Jibu lilikuwa pale, tayari kama siku zote, na lilikataa kutoka. Alishika boya la Shangazi kwa mikono miwili, akalia kwa sauti, na wanawake wakasogea wakamzunguka ili wimbi lisimpeleke.