Kimo cha Kiingereza

Boke alifika nyumbani saa ya kukamua ng'ombe, amejaa vumbi kuanzia vidole vya miguu mpaka nyusi. Lori la pamba lilikuwa limemshusha njia panda ya Butiama, na kutoka hapo akatembea. Mama yake, Nyamburi, hakumkumbatia kwanza. Alimkalisha kwenye kigoda mlangoni, akaleta beseni, akamwosha miguu, kwa sababu kwao mtoto aliyetoka safari haingii ndani na vumbi la watu. Miaka yote ya Uchina ilitoka kwenye nyayo za Boke ikawa tope jekundu. Nyamburi hakuyamwaga maji yale hovyo, aliyapeleka kwenye shina la mpapai.

Maji yalikuwa yanatoka mbali. Pampu ya kijiji ilikufa kiangazi kilichopita, na tangu hapo wanawake walikuwa wanashuka bondeni, wanachimba mchanga wa mto uliokauka na kuchota kwa kikombe. Jioni ileile Boke alikwenda kuitazama. Alisukuma mpini, akaweka sikio kwenye bomba, akasema neno moja la Kichina, kisha akalitafsiri.

"Ngozi ya chini, ile inayovuta maji, imekwisha, mama. Ni kazi ya asubuhi moja tu."

Hakuwa anajigamba. Kule Nanjing alikuwa anasomea maji ya ardhini, amebakiza mwaka wa mwisho wa mafunzo kwa vitendo, ambao alirudi kuufanyia nyumbani. Pampu za aina ile alizifungua na kuzifunga mpaka akawa anaziota, na aliziota kwa Kichina. Nyamburi alikata kipande cha ngozi ya ng'ombe siku hiyohiyo, akakitumbukiza kwenye kopo la samli kilainike.

Tatizo lilikuwa kufuli. Pampu ilikuwa mali ya idara, kifuniko chake kimefungwa kwa kufuli la idara, na ufunguo ulikaa Musoma. Kijiji cha jirani walichoka kusubiri, wakavunja la kwao kwa jiwe. Gari lilikuja, pampu ikang'olewa, shimo likazibwa kwa zege. Sasa wanakunywa dimbwi moja na ng'ombe.

Basi Boke akaenda Musoma kwa afisa wa maji, Bwana Makongoro, akamkuta anaelea nyuma ya meza yake, shubiri moja kutoka sakafuni, kama maafisa wengine wote.

Miaka ile jambo hili halikumshangaza mtu. Kiingereza kilikuwa kinamwinua anayekijua. Karani wa kawaida aliinuka unene wa kidole, aliyefika chuo aliinuka zaidi, na waliosoma Ulaya ilibidi wainame kupita milangoni. Katika dhiki ile ya bidhaa kuadimika, watu wengine wakivaa katambuga za matairi au wakitembea peku, viatu vya maafisa havikuisha soli. Ukitaka kujua Kiingereza cha mtu ulimtazama chini ya kiatu. Upepo wa ziwani ukivuma, walijishika kwenye nyua za watu mpaka utulie, wala hakuna aliyewacheka. Wazazi waliwaonyesha watoto wao kwa kidole, wakisema soma na wewe.

Halafu ikaja ruksa ya biashara. Sabuni zikarudi madukani, mitumba ikamwagwa sokoni, na wafadhili wakaanza kupita maofisini kuona fedha zao zinashikwa na watu wa kimo gani. Ndipo ulipowekwa mtihani wa ubao, wa kupitisha ubao chini ya nyayo za mtu.

"Umesoma kwa lugha gani?" Makongoro alimuuliza.

"Kichina, mzee."

Makongoro alichungulia miguu ya Boke, kama muuguzi anavyosoma homa. "Uko chini kabisa, binti. Mafunzo utafanyia kwetu, hilo sina neno. Ila ufunguo anashikaga mtu aliyepita ubao. Mtihani uko Bunda, mwezi wa tisa."

"Lakini pampu ile naijua."

"Sijasema huijui," alisema Makongoro.

Boke alipata pa kukaa Kitaji, palepale Musoma, kwa Mwalimu Leodgar, mstaafu aliyekuwa anaelea unene wa kiberiti kilicholazwa. Mkewe, Nyangi, alifagia chini yake bila kumsogeza. Mwalimu alifundishia Kiingereza ukumbini, mwanafunzi amesimama peku juu ya mkeka.

"Kichina kiache mlangoni pamoja na kandambili," alimwambia siku ya kwanza.

Kuacha hakukuwa rahisi. Alikuwa na Kiingereza cha sekondari, lakini kilikuwa kimefunikwa na Kichina. Akisoma sentensi, visigino vilianza kuwa vyepesi, lakini akili ilipoipitisha kwenye Kichina ili aielewe vizuri, alishuka kwa kishindo. Nyangi alisikia akiwa uani, anaanua dagaa.

"Umeanguka tena, mwanangu?"

"Nimeanguka, mama mwalimu."

"Pole. Leodgar naye alikuwaga hivyohivyo. Meno mawili yalitoka."

Baada ya wiki kadhaa mwalimu aligundua kitu, akakieleza bila kuona ubaya wake. Sentensi ambazo Boke alizielewa mpaka mwisho zilimbakiza chini. Zilizompandisha ni zile alizozikariri bila kuona chochote kichwani. Kulikuwa na habari moja ya familia iliyokwenda ufukweni wikiendi, baba na mwavuli, mama na kapu, na mbwa aliyekula biskuti zote. Boke hakuwahi kumwona mbwa wa kupelekwa ufukweni, wala hakujua mwavuli ni wa nini siku ya jua. Aliposoma habari ile mwalimu alipitisha karatasi chini ya nyayo zake, na karatasi ikapita.

"Hiyo hiyo! Usiifikirie," alisema mwalimu. "Ukifikiria unakuwa mzito."

Agosti dereva wa lori la pamba alileta salamu. Nyamburi aliteleza kwenye mashimo ya mtoni akiwa na ndoo kichwani, goti limevimba. Alikuwa bado anakwenda, kwa sababu hakuna mwingine wa kwenda. Alisema Boke asiwe na wasiwasi, ngozi iko palepale kwenye samli.

Boke alilia, na wiki nzima hata karatasi haikupita. Mwalimu alimwonea huruma kweli, lakini tarehe haikumwonea.

"Ukilia hupandi, binti. Mama utamlilia ukishapata ufunguo."

Akameza machozi, akamweka mama yake pembeni pamoja na Kichina. Mimi nasema pembeni kwa sababu ndivyo alivyojiambia. Mwezi wa tisa ulipoingia, kiberiti kilipita kikiwa kimesimama.

Mtihani ulifanyika kwenye ukumbi wa mikutano Bunda. Mtahini mkuu alitoka Dar es Salaam, naye Kiingereza chake kilikuwa kingi mno, nywele zinagusa dari, na walimfunga kamba kiunoni wakaifunga kwenye mguu wa meza. Makongoro alikaa kando yake, kwa niaba ya idara. Ubao wenyewe ulikuwa wa mninga, umepigwa msasa, na karani mmoja alikuwa amepiga magoti tayari kuupitisha. Ulipitishwa mara tatu. Mara moja ukikugusa unavumiliwa, ukikugusa mara ya pili unarudi mwakani.

Aliyemtangulia Boke alikuwa kijana wa Kamunyonge aitwaye Burito, fundi wa injini za boti. Alizungumza vizuri tu, lakini kila alipoitaja injini alishuka. Ubao ulimkwaruza kisigino, kisha ukamkwaruza tena. Alivaa katambuga zake mlangoni akatoka, na Boke akasikia hatua zake zikiponda kokoto mpaka barabarani.

Akaitwa. Mtahini alimwambia, kutoka juu, aeleze kazi anayoifahamu.

Boke alianza na pampu. Alitaja mpini, akapanda. Alitaja bomba, akapanda kidogo zaidi. Alipofika chini, kwenye ngozi, neno lilikuja kwa Kichina, na nyuma yake likaja lundo zima: karakana ya Nanjing, mwalimu wao aliyekunja mikono ya shati, harufu ya grisi, mlio wa maji yanapokaribia. Aliijua kazi ile kuliko kitu kingine chochote duniani. Visigino vilianza kurudi chini. Ubao ulipopita ukamgusa dole gumba.

"Moja," alisema karani.

Kichwani alimwona Nyamburi na goti lake anapanda kutoka mtoni, akazidi kuwa mzito. Nyayo zilikuwa zimebakiza unene wa jani, na karani alikuwa ameshageuza ubao, anaurudisha.

Boke akaiachia pampu. Aliiacha katikati ya sentensi, bomba likiwa bado kisimani, akaanza kuwasimulia habari ya baba na mwavuli wake. Hakuna aliyeuliza mwavuli umeingiaje. Mtahini alitikisa kichwa kwa kuridhika, Makongoro naye akatikisa. Mama akabeba kapu, ubao ukapita. Watoto wakavua viatu, ubao ukapita tena. Mbwa alipomaliza biskuti, Boke alikuwa shubiri nzima juu ya sakafu, kichwani hamna kitu hata kimoja, na watu wanampigia makofi.

Wiki iliyofuata alipanda Landrova ya idara. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake, kwa uzi. Kwa mgeni wa kazi ufunguo haukutoka bila afisa, kwa hiyo Makongoro alikwenda naye, na ubao ulikuwa kiti cha nyuma, kwa sababu aliyepita mtihani hufanya kazi akiwa juu, na hupimwa papo hapo.

Wanawake walikuwa wamepanga ndoo tangu alfajiri. Nyamburi alisimama mbele, anaegemea fimbo, kopo la samli mkononi. Alipomwona mwanawe akielea kuja kwake, alimtazama miguuni, kisha usoni.

"Umepita, mwanangu."

"Nimepita, mama."

Boke alifungua kufuli na vigelegele vikapigwa. Akashika spana, akaiweka kwenye nati ya kwanza, akaivuta kwa nguvu zake zote. Nati ilikaa palepale. Aliyezunguka ni Boke mwenyewe, polepole, kama mlango kwenye bawaba, mpaka akawa amewapa watu mgongo. Akarudi, akajaribu tena, akazunguka tena. Aliacha spana akashika mpini, ajaribu kuusukuma chini walau ailegeze kutu. Kila alipousukuma chini, yeye ndiye aliyepanda juu.

Vigelegele viliisha. Hakuna aliyecheka, waliendelea kusubiri.

"Ndivyo ilivyo," alisema Makongoro kutoka kwenye kivuli cha gari. "Sisi wote tunaanzaga na spana."

"Sasa hizo nyingine mlizitengenezaje, mzee? Ya Kigera? Za huko njiani?"

"Hazijatengenezwa," alisema Makongoro.

Boke aliomba wanawake washike spana badala yake. Makongoro alimkumbusha, kwa upole, kuhusu zege la kijiji cha jirani.

Hapo Nyamburi aliweka fimbo chini. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Alikaa mavumbini, goti bovu amelinyoosha, akamkumbatia mwanawe vifundo vya miguu, akamvuta kwa uzito wake wote. Nyayo za Boke zikagusa ardhi. Ilikuwa ya moto, na aliihisi mpaka magotini. Majina ya kila kipande cha pampu ile yalimrudia kwa Kichina, yote kwa pamoja, akatamani kulia. Akavuta spana. Nati ikapiga kelele, ikazunguka nusu.

"Imekubali!" mtu alisema.

Makongoro alikuwa ameshautoa ubao garini. Hakuwa na hasira. Alikuja nao akielea, akauinamisha, akasubiri pembeni ya miguu ya Boke.

"Binti," alisema, "nikiupitisha ukagoma kupita, ufunguo narudi nao. Na pampu itabidi tuing'oe. Nitaambiwa imeguswa na mtu aliye chini. Usinilazimishe."

Boke alimtazama mama yake, utosi wenye mvi na kitenge kilichojaa vumbi. Aliona aibu, na aliogopa, na vyote viwili havikumpa jibu jingine.

"Mama, niachie."

"Bado kidogo tu. Imeshaanza kulegea, si umeona?"

"Niachie, mama."

Nyamburi alimshikilia kwa muda ambao mtu angeweza kumaliza sala fupi. Kisha akamwachia. Boke alipanda, ubao ukapita chini yake bila kugusa kitu, na Makongoro akasema vizuri. Nati ilibaki nusu. Kufuli lilirudishwa. Makongoro alisema atatoa taarifa kwamba pampu ni nzima, maana wafadhili walipenda zaidi kusikia hivyo, na wanawake wakaokota ndoo zao wakashuka mtoni.

Alimpa Boke nafasi ya kusalimia kwao. Nyamburi alitangulia akichechemea, akatoa kigoda mlangoni, akaleta beseni. Yale maji aliyafuata mwenyewe asubuhi, na goti lile. Boke alijivuta chini kwa kushika kigoda, akanyoosha miguu.

Mama yake aliinua mguu mmoja, akaugeuza, akaupekua kama anayetafuta funza. Akageuza wa pili. Nyayo zilikuwa safi, laini, hazina hata ufa. Vumbi la kule pampuni, la nusu dakika ile, lilikuwa limeshapeperuka njiani.

Nyamburi alibeba beseni, akayarudisha maji mtungini, akalikung'uta mpaka tone la mwisho, akafunika.

"Haya," alisema. "Angalau leo maji yamebaki."

Boke akainama, kichwa kisigonge kizingiti cha juu, akaingia ndani.