Mama Asiye na Viganja

Mudathir alikuwa na mkono mwepesi, hilo mtaa mzima wa Usagara unalikubali. Tatizo lake lilikuwa kichwa. Miaka kumi na miwili alichora vichwa vya kina dada kwenye kuta za saluni na samaki wanaocheka kwenye vibanda vya chipsi, na kila alipojaribu kuchora jambo la kwake mwenyewe, turubai lilimtazama tu. Halafu mkewe, Hasina, akaota ndoto mbaya.

Watu wa pwani ndoto mbaya hawaitangazi. Unatema mate kushoto mara tatu, unageukia ubavu wa pili, unanyamaza. Lakini Hasina aliamka analia, na aliyekuwa karibu ni mumewe, akamwambia. Alimwona marehemu mama yake, Bi Mwanasiti, amekaa mkekani kule kwao Kigombe, hana viganja, anasuka ukili wa mkeka kwa meno. Akainua uso akasema, "Hasina, maji yangu yako wapi?"

Mudathir alijua swali hilo limetoka wapi. Siku mama anakata roho, zamu ya kuuguza ilikuwa ya Hasina. Alitoka kidogo tu kwenda kutazama harusi ya jirani, na hiyo kidogo ikawa muda wa saa tatu. Ndugu zake hawakujua. Duniani alimwambia mumewe peke yake.

Na mume huyo, badala ya kumbembeleza, akawa anauliza: meno yalikuwaje? Ukili wa rangi gani? Kabla ya adhuhuri rangi zilikuwa zimeshakorogwa, na mkewe akaambiwa ni kazi ya saluni.

Picha ile ilikuwa picha, haki ya Mungu. Walioandaa maonyesho kwenye ukumbi mmoja mjini waliitundika ukuta wa mbele, na kila aliyemuuliza Mudathir ameitoa wapi, alijibu bila haya, "Niliota." Sifa zikamnogea mpaka akamwalika shemeji yake Uweso, kaka mkubwa wa Hasina, aje aone. Hapo ndipo alipojipalia makaa.

Uweso alisimama mbele ya picha, akaliona kovu la juu ya nyusi. "Huyu mama," alisema, akamgeukia Mudathir. "Shemeji, umemwota kweli? Alisema nini?"

Watu walikuwa wamewazunguka. "Aliomba maji," Mudathir akajibu.

"Basi tusimwache mama na kiu. Ijumaa tunasoma hitma, na wewe uliyeombwa ndiye utakayewatekea watu maji. Ndivyo tufanyavyo kwetu."

Jioni Uweso alimpigia dada yake kumpa habari. Hasina alisikiliza mpaka mwisho, akaweka simu chini, akamgeukia mumewe.

"Umemchora?"

"Nimemchora."

"Na ukasema ndoto ni yako?"

Mudathir aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Heri angetukanwa. Hasina hakumtukana, alikwenda kuosha vyombo.

Ijumaa, Kigombe, watu walijaa barazani na wanawake wakakaa mlangoni. Baada ya dua Uweso alimkabidhi Mudathir kata ya maji mbele ya mtungi. "Waeleze watu, shemeji, mama alivyokujia."

Kudanganya mbele ya misahafu iliyotoka kusomwa sasa hivi, hakuweza. Kusema kweli yote kungemvua nguo mkewe mbele ya ndugu zake.

"Sikuota," alisema. "Nilisema uongo."

"Sasa picha uliitoa wapi?"

"Kichwani mwangu."

"Yaani mama yetu ulimkata viganja kwa kupenda kwako tu?"

"Ndiyo."

Mzee mmoja akasema astaghfirullahi. Mudathir alitazama vidole vyake vya miguu, na pamoja na aibu yote ile, bado moyoni alikuwa na chembe ya kujisifu: angalau amemsitiri mkewe.

Hasina akasimama. "Kaka, anasema uongo tena. Ndoto ni yangu. Mimi ndiye niliyeombwa maji, kwa sababu siku ile sikuwapo kumpa. Nilikuwa harusini."

Alimwendea mumewe, akaichukua kata mkononi mwake bila kumtazama.

"Kazi hii ilikuwa yangu," alimwambia kwa sauti ya chini. "Na hii nayo ungeninyima?"

Hapo ndipo aibu ilipomfika Mudathir mifupani. Alidhani anamsitiri, kumbe alikuwa anampora mara ya pili. Hasina alimtekea kwanza Uweso, aliyepokea kwa mikono miwili huku analia, kisha wazee, kisha wanawake. Zamu ya mumewe ilipofika alimjazia kikombe sawasawa na cha wengine, akapita. Watu wote walikunywa wakamaliza. Mudathir alikuwa bado amekishika chake, maji yamejaa vilevile, na hakuthubutu kuyaonja.