Sentensi Moja ya Dokta Ndunguru

Usiku wa jana niliota nimeitwa kwenye usaili, ingawa nastaafu Ijumaa na sijaomba kazi popote. Hilo tu lilinitia shaka.

Chumba cha usaili kilikuwa jukwaa. Mwenyekiti alikuwa wigi la malkia nililolivaa nilipokuwa mwigizaji. Kushoto kwake iliketi bendera ndogo ya mezani kutoka ubalozini, nilikokuwa mwambata wa utamaduni miaka sita. Katibu alikuwa chaki nyekundu ya chuoni ninakofundisha. Wote walijifanya hawanijui.

"Dokta Ndunguru," wigi linasema, "hotuba yako ya kuagwa tumeipata. Kanuni inataka kila neno lirudi kwa mwenyewe."

Chaki inaanza kusoma. Maneno yanateremka kutoka kwenye karatasi, kila moja linashika njia yake. Ya michezo ya kuigiza yanapita nyuma ya pazia. Ya ubalozini yanajipanga kwa itifaki, "mheshimiwa" akitangulia. Ya darasani yananyoosha mikono kuomba ruhusa, kisha yanarudi kwenye vitabu vya watu.

Karatasi inabaki tupu. Nikawatazama kwa jicho la pembeni. Hawa walikuwa wamepanga jambo.

"Taja sentensi moja iliyo yako," bendera inasema. "Ukikosa, utaagwa bila kuwepo."

"Namshukuru marehemu mama yangu kwa malezi bora," nikasema haraka.

"Hiyo ni ya kila mtu," chaki inajibu bila hata kuinua kichwa. "Wiki hii imeshasomwa mara nne."

Mara tuko ukumbini ubalozini. Nimevaa kitenge, nimeshika glasi ya juisi. Siku hii naijua. Kikundi cha ngoma kimewasili kutoka nyumbani, na simu imetoka kwetu Mbinga kwamba mama anazikwa keshokutwa. Nimewaambia ndugu zangu ndege hakuna. Natabasamu na wageni saa tatu nzima, na watu wanasema nimependeza. Bendera inanitazama vilevile ilivyonitazama siku ile.

Nyuma ya pazia kuna mtu anapumua. Kila mchezo huwa na mtu pale wa kuwakumbusha waigizaji maneno, na mimi sikuwahi kumwamini, maana anajua utakachosahau. Nafunua pazia. Ni mama, amekaa kwenye kigoda, hana karatasi.

"Mbona hunipi maneno, mama?"

"Hayo siyajui, Sebi mwanangu. Nakusubiri wewe."

Nikayasema. Sauti haikuwa ya jukwaani, ilikuwa ya kilio na makamasi, na niliona aibu. Chaki ikaandika. Wigi likajivua kwa heshima.

Niliamka saa kumi na mbili asubuhi. Hotuba ilikuwa mezani, kurasa tatu zilizochapwa vizuri. Nikaikagua mstari kwa mstari, kwa sababu wale sikuwaamini hata kidogo. Kila neno lilikuwa limerudi mahali pake, ila shukrani kwa mama zilikuwa zimekatwa kwa mstari mwekundu. Nyumbani kwangu sina chaki, lakini kidole changu kilikuwa na vumbi jekundu.

Pembeni palikuwa na maandishi mekundu. Mwandiko ni wangu, hilo silikatai.

"Mama, ndege ilikuwepo, mimi ndiye sikupanda."