Mboni za Jenerali

Pan Yueh-chiao hakugombea deraya wala ndevu. Mkono wa chuma wa mashine ulipopaka majenerali wawili kwenye milango mipya ya hekalu, yeye alikaa kando akila mapera. Alidai kitu kimoja tu: macho. Walinzi wa mlango ni mbao na rangi mpaka watiwe mboni, na katika mtaa ule wa Tainan mboni zilitiwa na baba yake, kisha na yeye. Akinyang'anywa hizo, asingebakiwa na kazi.

"Shangazi, mashine imesoma milango yote ya marehemu baba yako," alisema Po-hung, fundi aliyeileta. "Hasa ile ya mwisho, rangi yake bado nzima. Macho itayaweza."

"Haijui inamchora nani."

Mwenyekiti wa hekalu, mzee Hou, alicheka. "Na marehemu alikutana wapi na jenerali, Chiao? Sokoni?"

"Hakukutana naye. Alimwogopa. Siku ya kutia macho alikuwa hali nyama, hasemi na mtu. Hiyo mashine yenu inaogopa nini?"

"Umeme kukatika!" alijibu Hou.

Wazee waliokuwa wakinywa chai waliangua kicheko. Kicheko kile kilimchoma Yueh-chiao.

"Basi tusibishane," alisema. "Milango ni ya mungu wa hekalu. Aulizwe mwenyewe."

Hou aliweka kikombe chini. "Akikubali, hutalalamika?"

"Akikubali, nafunga mkoba wangu wa brashi."

Alisema hivyo kwa sababu hakuwa na shaka yoyote kwamba mungu angekataa.

Vijiti vya udi viliwashwa. Hou alipiga magoti, akauliza kama mashine iruhusiwe, kisha akarusha sakafuni vipande viwili vya mbao vilivyochongwa kama mwezi mwandamo. Kimoja kililala kifudifudi, kingine chali. Hiyo ni ndiyo, lakini ndiyo haikubaliki mpaka ije mara tatu mfululizo. Akarusha tena: ndiyo. Mara ya tatu kipande kimoja kilisimama kwa ubavu, kikayumba. Kikalala chali, mwenzake kifudifudi.

"Pole, Shangazi," alisema Po-hung kwa sauti ya chini.

Mashine ilichovya brashi, ikatia mboni nne bila kusita. Watu wakasogea mlangoni.

"Ni yeye!" alisema Hou, na safari hii hakuwa na mzaha. "Utadhani marehemu kafufuka."

Yueh-chiao alimtazama jenerali wa kulia. Mboni zake zilikuwa zimeteleza kidogo kuelekea chini. Ndivyo baba yake alivyokosea kwenye mlango wake wa mwisho, mtoto wa jicho alipomziba. Baba alilia aruhusiwe kuzirekebisha, akakataliwa: mlinzi aliyekwisha kuamka hachokolewi macho. Marehemu alikufa na aibu ile. Sasa ingepakwa hekalu kwa hekalu, na mpakaji asingeona haya.

Alifungua kinywa aseme. Lakini mungu alikwisha kujibu, na macho yalikwisha kufunguliwa. Akafunga mkoba, akapiga magoti pamoja na wenzake. Alipoinua kichwa kuomba radhi, jenerali hakumtazama. Alikuwa akitazama sakafu.