Wakurugenzi wa Pasi

Chuo cha biashara kilikuwa na utaratibu wake. Kila mwaka, kwa siku moja, wanafunzi wa mwaka wa mwisho hugawanywa vikundi na kila kikundi hufungua biashara ya kweli uani. Siku hiyohiyo kampuni huja kuwahoji wanaotafuta nafasi ya mafunzo kazini, na asiyepata nafasi hahitimu.

Kikundi cha Mwenyekiti kiliamua kupiga pasi mashati ya wanaokwenda kuhojiwa. Wazo zuri, ila katika kugawana vyeo hakuna aliyekubali kuwa mdogo. Yeye alikuwa Mwenyekiti, jina lililomganda tangu mwaka wa kwanza. Wenzake watatu wakawa wakurugenzi: wa masoko, wa fedha na wa uzalishaji. Huyu wa mwisho ndiye aliyeshika pasi.

Asubuhi haijapevuka, foleni ilishafika kwenye bomba la maji. Mwenyekiti akaona hilo ni jambo la kujadiliwa.

"Jamani, kikao cha dharura. Wakurugenzi wote."

Wakakaa chini ya ngazi. Wa masoko alitaka foleni mbili. Wa fedha akamkumbusha kuwa pasi ni moja. Walishaanza kupandishiana sauti pale wa uzalishaji aliponusa hewa.

"Nani yuko kwenye pasi?"

Wakakimbilia mezani.

Shati lililoungua lilikuwa la Kinyozi, kijana wa meza ya jirani aliyezoea kuwanyoa wenzake bwenini. Kifuani palikuwa na tundu lenye umbo kamili la pasi.

"Mmenimaliza," alisema Kinyozi taratibu. "Naitwa sasa hivi."

"Tulikuwa kikaoni," wa fedha alijitetea.

"Basi kikao kinivishe."

Mashati mengine yote kwenye foleni yalikuwa bado yamekunjamana. Lililonyooka lilikuwa moja tu, nalo Mwenyekiti alikuwa amelivaa. Dada yake alimnunulia baada ya yeye kukataliwa kwenye mahojiano ya mwaka uliopita, akamwambia kuwa safari hii asirudi na hadithi. Tena yeye na Kinyozi waliomba kampuni ileile ya usafirishaji, mmoja baada ya mwingine. Wazo kwamba mshindani amepungua lilimpitia kichwani. Lilipita, halikukaa. Akaanza kufungua vifungo.

"Vaa. Ukitoka nirudishie mlangoni."

"Kaka, hili si shati, ni hema."

Kweli, Mwenyekiti alikuwa mtu wa kitambi, na Kinyozi mwembamba kama ufagio. Dada wawili wa meza ya ushonaji wakaja na pini, wakambana shati kwa nyuma. Wauza juisi wakaacha meza yao wakamsindikiza. Kinyozi alipotoka kuhojiwa, watu wa vikundi vitatu wakanyanyua vitambaa vyao vya matangazo ukumbini, wakafanya pazia, na nyuma yake Kinyozi akamrudishia Mwenyekiti shati. Pini zikachomolewa haraka haraka. Moja ikasahaulika.

Mhoji alikuwa mama wa makamo, mkuu wa ghala. Alimtazama Mwenyekiti akikaa wima kama nguzo, maana kila akiegemea, pini ilimkumbusha adabu.

"Shati hili limeshapita hapa leo."

Mwenyekiti alikuwa na majibu mengi aliyoyakariri. Hakuna lililofaa.

"Ndiyo, mama. La mwenzangu tumeliunguza. Tulikuwa kikaoni."

"Nani aliachiwa pasi?"

"Wote, mama. Ndiyo maana likaungua."

Mama yule alikohoa, akaficha mdomo kwa kiganja. "Ghalani kwangu kuna kupakia, kupakua na kuhesabu. Vyeo vimekwisha. Unataka?"

"Nataka."

"Jumatatu asubuhi, basi. Na mwenzako nimeshamwambia hivyohivyo. Ila kila mtu aje na shati lake."

"Hili ni langu, mama. Aliyeazima ni yeye."

Alipotoka, wakurugenzi walikuwa wamerudi chini ya ngazi, wakijadili fidia ya Kinyozi. Mwenyekiti hakukaa nao. Alikwenda mezani, akaigusa pasi kwa kidole kilicholowa mate, kisha akachukua shati lililofuata.