Sampu ya Ishiara

Mimi sikuipenda hiyo sampu tangu siku ya kwanza, na nilisema. Watu wa kwetu husema Cicily ana mdomo. Sawa, ninao, lakini siku hiyo mdomo wangu ulisema ukweli na hakuna aliyeusikiliza.

Ilikuwa juu ya meza katika gereji ya ndugu yangu Mutuma, hapa Embu, chini kidogo ya mtaa wa Dallas ninakoishi. Kwa asiyejua, sampu ni ile karai ya chuma inayofungwa chini ya injini, oili ikakaa humo. Injini huinyonya oili kwa mrija, ikajipaka mwili mzima, kisha oili ikarudi chini. Mrija ukivuta hewa badala ya oili, injini hujisaga yenyewe mpaka inakufa. Mimi ni muuza mashuka, hayo hayanihusu, ila ukiwa na ndugu fundi utameza habari za injini na chai kila Jumapili upende usipende.

Gari lenyewe lilikuwa la Baba. Chevrolet nyeupe, refu, ambalo yeye, Mzee Mithika, alilinunua miaka ile kahawa ilikuwa kahawa, na nusu ya mabibi harusi wa Githongo, kwetu mlimani, walipelekwa kanisani ndani yake. Injini yake ilipokufa, gari likakaa nyuma ya nyumba, kuku wakataga kwenye kiti cha nyuma, mpaka Mutuma akalivuta hadi Embu akisema atalifufua. Alisema hivyo miaka na miaka. Mutuma ni mtu wa kesho, nampenda lakini ndivyo alivyo.

Halafu mwaka huu Baba akaugua koo. Hospitali ilipomaliza ujuzi wake, daktari akatuita kando akatuambia tumrudishe nyumbani na tumpe chochote anachotamani. Tukamuuliza. Tulidhani atataka nyama laini, au mchungaji. Akasema, kwa kile kisauti kilichobaki, "Nataka kupanda gari langu. Mnizungushe Githongo mara moja, nione watu."

Ni hilo tu. Mtu amelima maisha yake yote, ametusomesha, na hajawahi kuniomba hata kikombe cha maji bila kusema tafadhali. Nililia kwenye korido ya hospitali mpaka nikaona haya.

Mutuma naye aliacha ukesho wake siku hiyo hiyo. Alimpigia rafiki yake Kithaka, fundi wa kuchomelea wa Ishiara, na Kithaka akapata injini kubwa ya silinda nane iliyotoka kwenye lori la zamani. Iliingia vizuri kila mahali isipokuwa chini. Sampu ya lori ilikuwa na tumbo upande wa nyuma, na hapo nyuma ndipo vyuma vya usukani vya gari la Baba hupita. Ukiifunga, usukani haugeuki. Ilibidi ipatikane sampu yenye tumbo mbele.

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni sampu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo hasa, inayotoka ng'ambo kwa meli. Mutuma alinionyesha picha yake kwenye simu. Tumbo liko mbele, na ndani ina vikuta vya bati vya kuizuia oili isikimbie gari likipanda mlima. Ya pili ni Kithaka aikate ile ya lori, ahamishe tumbo mbele, achomelee, basi. Vikuta hakuna. Na Kithaka alikuwa ameshaimaliza, ndiyo hiyo ilikuwa mezani, imepakwa rangi nyeusi inang'aa.

"Ngojea ya meli," nikamwambia Mutuma.

"Ya meli itafika lini, Cicily? Na Baba?"

"Na hii ikivuja?"

"Haiwezi kuvuja. Kithaka akishachomelea kitu, hata maji hayapiti."

"Sijamuuliza Kithaka, nimekuuliza wewe. Hivyo vikuta viliwekwa vya nini kama havina kazi?"

"Vya wazungu wa mashindano. Sisi tunamzungusha mzee pole pole." Akafuta mikono kwa kitambaa. "Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Na haraka haraka je?"

Alifungua simu akaniwekea mbele ya macho picha ya Baba ambayo mimi mwenyewe nilimtumia, amekaa barazani na blanketi, shingo imekuwa nyembamba, kola ya shati imemzidi. Unaweza kumwambia mtu angoje, lakini si mtu wa kwenye ile picha.

Wakaifunga. Wakalipeleka gari Ishiara kulijaribu, kwa sababu Kithaka alitaka watu wa kwao walione, na likaenda vizuri ajabu. Mutuma alinitumia video. Barabara ya Ishiara imenyooka kama meza, jua kali, gari linapita linanguruma na watu wanapunga mikono. Geji ya oili haikutikisika. Kithaka ni fundi mzuri na roho yake ni safi, simlaumu, lakini mtu wa Ishiara mlima huusikia kwenye redio. Na Mutuma, aliyezaliwa Githongo, aliyesukuma mikokoteni ya kahawa kwenye ile miteremko yetu yenye utelezi, alikuwa amekaa Embu mjini mpaka akasahau nyumbani kwao kumeinama namna gani.

Jumamosi tukaondoka, mimi na yeye. Kwenye mabonde ya njiani sindano ya geji ilishuka kidogo tulipokuwa tunapanda, kisha ikarudi. Mutuma akaigonga kwa kidole, akasema ni geji ya zamani. Tulipoacha barabara kuu na kuanza kupandisha kwetu, sindano ikalala kabisa, na injini ikaanza kugongagonga kama mtu anayebisha mlango. Mutuma akazima upesi, akalala chali chini ya gari, akatoka. Hakuna palipovuja.

"Oili yote imekimbilia nyuma," akasema. "Mrija uko mbele. Unanyonya hewa."

"Kwa sababu hakuna vikuta."

"Cicily, nakuomba."

Kule juu Baba alikuwa ameshavalishwa koti lake la kanisani tangu asubuhi. Shangazi yetu, Tata Igoki, anayemtunza, alikuwa amepiga simu kuuliza tumefika wapi kwa sababu mzee amekataa kulala.

Mutuma alisimama akaitazama ile barabara. Kisha akasema, "Pua ikitazama chini, oili inakuja mbele." Akageuza gari, akaingiza rivasi, na tukaanza kuupanda mlima kinyumenyume. Sindano ikainuka ikakaa. Mimi nilipiga magoti kwenye kiti cha nyuma nikichungulia kioo cha nyuma, namwambia kushoto, kulia, ng'ombe, mtaro. Watu waliokuwa wanachuma kahawa walisimama wakatutazama. Hata nikacheka kidogo. Nilidhani yamekwisha.

Lakini hatukufikiria tunaingiaje langoni. Huku kwetu gari linaloingia bomani kinyumenyume ni lile linaloleta jeneza, mlango wa nyuma ukielekea nyumba. Kila mtu anajua. Mtoto anajua. Sisi tulikuwa tunafikiria oili.

Tata Igoki alituona kwanza. Akaja mbio na leso mkononi, akasimama katikati ya lango, mikono ameitandaza.

"Mutuma, simamisha hiyo gari," akasema. "Mnamletea mtu gari ya maiti na bado anameza uji? Mmerogwa?"

Mutuma akatoka. Akaanza kueleza habari za mrija na vikuta, akigugumiza, mtu mzima na ndevu zake. Tata hakutaka kusikia. Alisema gari liondolewe, liende likazame mtoni. Mimi nilimtazama Baba. Alikuwa kwenye kiti chake barazani, koti limemvaa yeye, na alikuwa ametazama matako ya lile gari jeupe kwa utulivu ulioniumiza moyo kuliko kelele za Tata. Alikuwa ameelewa kabla yetu sote.

Akainua kidole. Tukamsogelea.

"Igoki," akamwambia dada yake, "liache liingie. Hata likija kwa ubavu, ni langu."

Tukambeba mimi na Mutuma. Alikuwa mwepesi, na hilo ndilo nililotaka kusema tangu nianze, jinsi alivyokuwa mwepesi. Tukamkalisha mbele karibu na dereva, mkono wake tukauweka dirishani kama alivyokuwa akikaa zamani. Kuteremka hakukuwa na shida, pua ilikuwa chini. Tulimzungusha Githongo sokoni, pale pamekaa sawa kidogo. Watu walitoka madukani. Mama mmoja mwenye mvi alikuja dirishani akasema, "Mzee, ulinipeleka kanisani na hii," na Baba akamshika mkono asiuachilie. Alikuwa na furaha. Nataka ijulikane kwamba alikuwa na furaha.

Kisha tukageuka kurudi nyumbani, na kurudi ni kupanda, na kupanda ni kinyumenyume. Mimi nikapiga magoti tena nikitazama nyuma. Mutuma naye alijipinda, mkono mmoja kwenye usukani, shingo ameigeuza kwangu. Baba peke yake ndiye alikuwa ametazama mbele, bonde lote likimteremkia taratibu, mashamba na mapaa yakienda mbali naye. Akaanza kutaja maboma tunayoyapita. Nilisikia nyuma yangu, kisauti kile, "Kwa Riungu." Halafu kimya. Halafu, "Kwa Murithi." Halafu, "Kwa Mwongera."

Kona ya mwisho ni mbaya na mtaro wake ni mrefu. Nilikuwa napiga kelele, kulia, kulia kidogo, simama, haya njoo. Mutuma akasema, bila kugeuka, "Kidogo tu, Baba, nimsikie Cicily."

Tukaipita. Tukaingia langoni, Tata Igoki akatupisha. Nikasema, "Simama, tumefika," nikageuka.

Alikuwa bado ametazama barabara tuliyotoka, mkono dirishani. Mutuma alimwita mara mbili kabla hajafahamu. Injini iliendelea kunguruma pale uani, sindano ya oili imesimama vizuri kabisa, na hakuna aliyekumbuka kuizima.

Tumeshamzika. Mutuma hajagusa spana tangu siku hiyo, na Kithaka alikuja kutoka Ishiara akakaa naye gerejini. Mimi nina hasira, sijui ni na nani. Huwa tunakunywa chai yetu Jumapili, na Mutuma huniuliza swali moja tu.

"Alikuwa amefika wapi kutaja?"

"Kwa Mwongera," namwambia.

Anainamisha kichwa. Ukipita kwa Mwongera, boma linalofuata ni letu.