Maua Meupe Kwenye Shamba la Matikiti

Mama huyo watu walimwita Fundi Wembe, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa na haki ya kuringa. Udongo wa sehemu zile ulikuwa na ugonjwa wa mnyauko, na tikiti lililopandwa hivi hivi halikumaliza miezi miwili. Yeye alichukua mche mchanga wa tikiti, akaukata mizizi, akaupachika juu ya mche wa mumunye uliokatwa mshazari, akaubana kwa kibanio cha plastiki. Mumunye lilitoa mizizi isiyojali ugonjwa, tikiti likatoa tunda. Kosa la kuogopa lilikuwa moja. Katikati ya majani mawili ya kwanza ya mumunye kuna kichipukizi kidogo kama punje ya ufuta. Wembe usipokiondoa chote, mumunye huota upya na kulinyima tikiti chakula mpaka life.

Kosa hilo ndilo lililowatoa nyumbani alfajiri ile, yeye na mkamwana wake, mke wa mwanawe wa pekee. Jana yake mkulima mmoja aliyenunua miche kwao alikuwa amepiga simu kusema shamba lake limechanua maua meupe. Tikiti huchanua manjano. Fundi Wembe hakumwacha amalize. Alimwambia kazi hiyo ni ya mkamwana, maana wiki ya kupachika miche hiyo mtoto wa mkamwana alikuwa amelazwa hospitali na akili ya mama yake haikuwa kitaluni, pale wanapooteshea miche. Akamhakikishia kwamba kuanzia sasa huyo mwanamke hatagusa mche wa mtu.

Njia nzima alimsema. Alimwambia miaka sita ya kumfundisha imekwenda na maji. Alimwambia kazi ya mikono haitaki mtu wa kuota mchana, na kwamba wakitoka shambani akatafute pengine pa kushinda, kitaluni asikanyage tena. Mkamwana alitembea nyuma yake. Kitalu kile ndicho kilichomsomesha mtoto wake, na hakuwa na ufundi mwingine. Mara moja tu alifungua mdomo, akasema, "Sawa, mama."

Walipofika, Fundi Wembe alisimama kwenye tuta la kwanza. Alikuwa amejiandaa kuona mistari miwili, labda mitatu. Robo nzima ya shamba ilikuwa nyeupe. Maua ya mumunye hufunguka jioni na kujifunga jua likipanda, na asubuhi ile yalikuwa bado wazi, mamia kwa mamia, yanapepea kwa raha zake kana kwamba yamealikwa. Chini yake mamumunye machanga yalikwisha kuanza kuning'inia.  Miaka yote ya kazi hakuwahi kuona aibu ya ukubwa ule.

Mkulima alikuwa kule mwisho anafunga bomba la maji. Akawapungia mkono kwamba anakuja.

Fundi Wembe aliinama, akapekua majani mpaka kwenye shina. Kibanio kilikuwa bado kimeng'ang'ania pale tikiti lilipokuwa limekauka kama uzi. Kilikuwa cha bluu. Akaenda shina la pili, bluu. La tatu, bluu. Akavuka tuta mbiombio kama mtu aliyeangusha kitu, akapekua mashina mengine kumi, na yote yalikuwa bluu. Kitaluni walitumia rangi mbili ili kila mtu ajulikane kwa kazi yake, na sheria hiyo aliitunga mwenyewe. Mkamwana alitumia nyekundu. Bluu ilikuwa yake.

 Akamtazama mkamwana, na mkamwana akatazama chini.

Mkulima alifika akifuta mikono kwenye suruali. Hakuwa na hasira, ila alikuwa amechoka. Alisema hataki maneno mengi, anataka tu kumjua aliyefanya hivi, asije akamuuzia mche tena.

"Ni mimi," mkamwana akasema.

Alisema upesi, kama mtu aliyekwisha kuamua tangu nyumbani. Fundi Wembe angeweza kunyamaza tu. Mkulima alikuwa ameamini tangu jana, na jina lake lingebaki safi.

"Si yeye," alisema. "Hivi vibanio ni vyangu. Jana nilimsingizia."

Mkulima akacheka kidogo. Alimwambia aache kumbeba mkwe wake. Misimu yote amenunua kwake, na trei zenye vibanio vya bluu hazijawahi kutoa hata mumunye moja, sasa iweje zitoe robo ya shamba kwa mara moja?

Swali hilo lilimchoma Fundi Wembe. Iweje? Mkono ni ule ule, wembe ni ule ule. Akamgeukia mkamwana.

"Iweje, mwanangu?"

 Mkamwana alimtazama mkulima, kisha akamtazama yeye, macho yamejaa machozi.

"Wiki ile kila mchana nilikuwa hospitali kwa mtoto, mama. Wiki nyingine, ukienda kupumzika mchana, nilikuwa nazipitia trei zako na pini. Natoa vichipukizi vilivyobaki."

"Vilikuwa vinabaki vingi?"

"Karibu nusu ya trei. Vile vidogo huvioni, mama."

"Tangu lini?"

"Huu ni msimu wa nne."

Fundi Wembe aliketi pale pale juu ya tuta, katikati ya maua. Misimu minne watu walikuwa wanatoka mbali kumfuata, wanamsifu mbele ya huyu binti, na huyu binti anawapa viti. Mkulima aligeuka akajifanya anakagua bomba.

"Nisamehe," alisema Fundi Wembe, kwa sauti ambayo mkulima pia aliisikia. Akamnyooshea mkono mkamwana amsaidie kuinuka.